Ngoma ya Msalaba wa Andrea

Jumamosi ile ya sikukuu ya Mtakatifu Andrea, Nettie Cargill hakukalika. Alikaa, akainuka. Alichemsha chai, akaisahau mezani mpaka ikafanya utando. Alipiga pasi sketi yake ya sufu, akaitundika, akaitungua, akaipiga tena, na wala haikuwa na kunyanzi. Kila akimaliza jambo anarudi dirishani kutazama juu mlimani, kwenye nyumba kubwa ya shamba la Craigdour, alikoishi kaka yake Dod, yeye na mbwa wake tu.

Taa ilikuwa inawaka. Kwa hiyo yupo. Lakini kuwepo kwa Dod siku hizo kulikuwa hakuna maana. Ukipanda mpaka kwake unakuta mlango haukufungwa, sufuria inatoa mvuke, kiti bado kina joto la makalio yake, na mwenyewe keshatokea nyuma kwenda kwa kondoo. Nettie alipanda Jumatatu, akapanda tena Jumatano. Na jana yake ndiyo usiseme. Alimwona kwa macho yake mawili akijikunja kupita kwenye tundu la ukuta wa mawe, lile tundu la kupitishia kondoo, mzee wa miaka sabini anatambaa matopeni asikutane na dada yake wa tumbo moja.

Habari yenyewe Nettie aliipata kwa Bi Coutts wa posta, kama watu wote wa bonde la Arrity wanavyopata habari zao. Watu wawili wenye viatu vipya vya mpira walionekana mlimani wanachomeka vijiti vyekundu. Bi Coutts akawauliza, maana yeye kuuliza hakumpi tabu, nao wakamwambia kwamba kampuni yao inanunua Craigdour yote ipande misonobari, na Dod Cargill anatia sahihi Jumatatu. Yote maana yake yote: mlima, malisho, zizi, na ile nyumba ndogo ya chini anamoishi Nettie.

Nyumba ilimuuma, ndiyo. Lakini kilichomnyima usingizi ni kondoo. Miaka thelathini, kila theluji ikianza kuyeyuka, yeye na Dod walikuwa wakipiga magoti matopeni usiku na mchana, mkono umezama ndani ya kondoo, wanatoa wanakondoo waliokaa vibaya. Kuna wengine waliokua nyuma ya jiko la Nettie mpaka wakawa na watoto wao. Leo wauzwe, na miti ipandwe pale walipolala, na yeye aje kuambiwa na mwanamke wa posta!

Kwa hiyo alikuwa amefanya shauri. Dod angeweza kumkimbia kokote duniani isipokuwa mahali pamoja.

Saa kumi na mbili unusu, giza liko nje zamani na mvua ya barafu inapiga vioo, jirani yake Beldie Lundie akabisha na kuingia bila kungoja.

"Uko tayari? Mbona umevaa sketi ya ngoma?" akauliza Beldie. "Kila mwaka kazi yako si kupakua supu?"

"Mwaka huu nacheza."

"Wewe? Na mwanamume gani?"

"Wewe."

Beldie akamtazama toka juu mpaka chini. "Haya. Nilijua tu kwamba ipo siku tai itanipata."

Huko Arrity wanaume walikuwa wameadimika. Wengine wamehamia mjini, wengine wako makaburini, na waliobaki wengi magoti yamekwisha. Ndiyo maana pale mlangoni pa ukumbi wa kijiji palikuwa na sanduku la tai kuukuu, na mwanamke atakayesimama upande wa wanaume hujifunga moja ili watu wasichanganyikiwe. Beldie alichagua ya njano yenye bata.

Ukumbi ulikuwa umejaa harufu ya makoti mabichi na viazi vilivyopikwa na nyama na vitunguu. Bendera ya buluu yenye msalaba mweupe wa mshazari ilining'inia juu ya wapiga muziki, mmoja wa kodiani, mmoja wa fidla na mmoja wa ngoma. Nettie hakula. Alishika sahani, akaiweka. Akaenda msalani, akarudi. Akazunguka nguzo.

"Tulia basi," Beldie akamwambia, "unanitia kizunguzungu kama kuku anayetafuta pa kutaga."

"Amekuja?"

"Nani?"

Amekuja. Dod alikuwa amesimama pale pale anaposimama kila mwaka, karibu na mlango, amevaa kilti ya baba yao, ile sketi ya kiume ya huko, na soksi moja imeshuka. Alipomwona dada yake akajifanya anasoma tangazo la bima ukutani.

Nettie hakumfuata. Alingoja. Walicheza ngoma moja, wakacheza nyingine, yeye anangoja na vidole vyake vinacheza kwenye mshipi. Mwishowe Pirie, mwita hatua, akashika kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, sasa ni ngoma yake mwenyewe. Msalaba wa Andrea! Asiyevunjika mguu asimame!"

Ngoma hiyo huchezwa usiku huo tu, na hakuna anayeikalia. Watu husimama katika safu za jozi nne, wanaume huku, wanawake kule, wanatazamana. Pirie hupita akiwahesabu toka juu. Na akishakuhesabu, umehesabiwa. Hutoki. Hata kama nyumba yako inawaka moto, unangoja sauti ya mwisho ya kodiani, maana ukiondoka unawavunjia watu saba ngoma ya mtakatifu, na bonde zima litakukumbusha mpaka siku ya kuzikwa kwako. Kuna mtu aliwahi kuondoka enzi za babu yake Nettie. Wajukuu wake bado wanaitwa kina Mtoro.

Bi Coutts alikuwa keshamdaka Dod na kumvuta kwenye safu ya mlangoni. Pirie akaja akihesabu. Nettie akangoja mpaka mkono wa Pirie unakaribia kabisa, ndipo akamshika Beldie kwa ile tai ya bata akamburuta mbio, wakajipenyeza upande wa juu wa Dod na Bi Coutts.

"Wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Safu imetimia!" akasema Pirie, akapita.

Dod akainua macho. Ng'ambo yake, hatua mbili tu, amesimama dada yake, mikono kiunoni. Akautazama mlango. Mlango ulikuwa wazi nusu, na upepo unaingia. Akamtazama Pirie aliyekwisha kwenda. Masikio yake yakawa mekundu.

"Habari za jioni, Dod," Nettie akasema.

"Nettie."

"Mvua sana huko kwenye matundu?"

"Oo," akasema Bi Coutts taratibu, na macho yakamng'aa kama mtu aliyeletewa sahani ya pili.

Kodiani ikavuta pumzi, muziki ukaanza.

Nettie na Beldie ndio waliokuwa juu, kwa hiyo ndio wa kuanza. Walishuka katikati wakishikana mikono, wakapanda tena, na Beldie akamkanyaga kote kuwili. Halafu wanaachana, na hapo ndipo msalaba wenyewe ulipo: kila mmoja anakata mshazari mpaka kwa mtu aliye pembeni, anampa mkono wa kulia, anamtazama machoni, wanazungushana, kisha anarudi katikati na kukata mshazari wa pili kwa mtu wa pembe nyingine. Huwezi kumnyima mtu mkono. Huwezi kutazama chini. Miguu ya Nettie, iliyofundishwa ngoma hiyo shuleni, haikuwa imesahau kitu. Ilimpeleka moja kwa moja kwa kaka yake.

Aliudaka mkono wake na kuuvuta kwa nguvu. Dod akakunja uso. Vizuri, Nettie akasema moyoni, aibu ikutafune.

"Unauza mlima."

"Si hapa, Nettie."

"Wapi basi? Nije matopeni?"

"Nilitaka kukuam—"

Basi, wamekwisha zungushana. Nettie akarudi katikati, akakata kwenda pembe ya pili, na hasira zilikuwa zimemjaa kichwani hata hakuona ameshika mkono wa nani.

"Mwongo mkubwa wewe!" akasema.

"Mimi?" akauliza mwenye duka la chakula cha mifugo, na macho yakamtoka.

"Si wewe. Samahani. Zunguka!"

Beldie alikuwa anacheka hata tai imemgeukia mgongoni. Wakafika chini ya safu, wakasimama pa mwisho, Nettie anahema. Sentensi ya Dod ilikuwa imekatika na kumwachia kipande mkononi. Alitaka kumwambia nini? Na kama alitaka, mbona hakumwambia wiki nzima? Akapiga makofi kabla ya wakati, akasogea upande usio wake.

"Simama kama mtu!" Beldie akamkemea.

Ikaja zamu ya Dod na Bi Coutts. Walishuka, wakapanda. Dod alikuwa mchezaji mzuri tangu ujana, miguu myepesi, kifua mbele. Lakini sasa Nettie aliona anacheza kama mtu aliyebeba ndoo asitake kuimwaga. Akakata mshazari kuja kwa dada yake, na akanyoosha mkono wa kushoto.

Wa kushoto! Nettie keshatoa wa kulia, mikono ikapishana hewani, Dod akamgonga kifuani, Bi Coutts akaja nyuma akawagonga wote wawili, na mwenye duka akabaki anauzungusha upepo.

"Wa kulia, Dod! Wa kulia!" akapiga kelele Bi Coutts. "Umezaliwa bonde gani wewe?"

Safu nzima ikacheka. Hata safu ya jirani ikageuza shingo. Katika maisha yao yote hakuna aliyewahi kumwona Dod Cargill akikosea Msalaba wa Andrea. Mtoto wa huko hujua mkono wa kulia wa ngoma kabla hajajua wa kushikia kijiko.

Nettie hakucheka. Aliuona mkono wa kulia wa kaka yake. Ulikuwa unaning'inia ubavuni kama mkono wa koti lililotundikwa.

"Mkono una nini?"

"Hauna kitu."

"Dod!"

Keshaondoka. Nettie akasimama pale, akaukumbuka ule mvuto wake wa kwanza na uso wa Dod ulivyokunjamana, na jasho likamtoka. Aibu gani. Yalikuwa maumivu, na yeye kayafurahia.

Sasa ilikuwa zamu ya wengine, wao ni wa pembeni. Kila jozi ya juu inapomaliza, waliobaki hupishana katikati, bega kwa bega, ili wasogee nafasi moja. Kupishana ni kufumba na kufumbua. Nettie aliingoja nafasi hiyo kama mtu anayengoja maji yachemke huku mgeni yuko mlangoni. Wakapishana.

"Bega?" akauliza.

"Nilianguka mtoni," Dod akasema, wakapita.

Mtoni! Mto gani? Ule wa zizini unaokuja na barafu toka juu? Nettie akacheza na mtu, hajui ni nani. Akampa mtu mkono, hajui upi. Macho yake yalikuwa ng'ambo, yanamfuata Dod. Midomo ya Dod ilikuwa myeupe.

Wakapishana tena.

"Lini?"

"Oktoba. Na kondoo jike juu yangu."

Na muziki ukaisha.

Watu waliinamiana, wanaume wakaanza kupangusa vipara, wengine wakageukia upande wa bia. Ngoma imekwisha, safu imefunguliwa, kila mtu huru. Nettie akajua amekosa nafasi. Mlango ulikuwa hatua mbili kutoka alipo Dod, wazi vile vile, na mtu aliyetambaa tundu la kondoo hashindwi na hatua mbili. Atatoka, na Jumatatu itafika.

Dod aliutazama mlango. Akaugeuzia mgongo. Akainua mkono wa kushoto juu kabisa, kama mtu anayesimamisha basi, akapaza sauti ya kuitia mbwa mlimani:

"Tena!"

Ni desturi ya huko kwamba wachezaji wakiomba tena, muziki unapigwa tena, na kila mtu anabaki alipo. Lakini huombwa na vijana. Dod Cargill hakuwahi kuomba tena toka azaliwe.

"Nimesikia vizuri?" akasema Pirie kwenye kipaza sauti. "Dod, umelewa au umeokoka?"

"Tena, nimesema!"

"Magoti yangu!" akalalamika mwenye duka.

"Magoti yako yatapona," akasema Bi Coutts, anajirudisha haraka mahali pake. "Simama hapo, usitukatishe habari. Ngoma! Nimesema ngoma."

Kodiani ikaanza, na safari hii Nettie alipokata mshazari kwenda kwa kaka yake alitoa mkono wa kushoto. Ukakutana na wake taratibu.

"Nililala mle majini toka asubuhi mpaka jua la kichwani," Dod akasema. "Mbwa ananipigia kelele, mimi siwezi kuinuka."

"Na hukuniita?"

"Ungesema nimezeeka."

"Umezeeka!"

"Unaona?"

Akaenda pembe ya pili. Mwenye duka akampa mkono wa kushoto na yeye, kwa kudhani mambo yamebadilika. Wakashuka chini. Nettie hakuweza kutulia. Alirukaruka pale pale kama anayekanyaga makaa. Zamu ya Dod ikafika, akaja.

"Siwezi kumpindua kondoo tena," akamwambia, akimzungusha. Macho yake yalikuwa na maji, au ni jasho. "Siwezi, Nettie. Nimejaribu. Ningekuambiaje? Kazi imenishinda mimi mwanamume, nikuachie wewe?"

"Nilikuambia mimi siiwezi?"

"Hukuniambia kitu."

"Umewahi kuniuliza? Miaka thelathini, kaka, nani alikuwa anawapindua upande wa pili?"

Dod akasahau hatua, na ikabidi Bi Coutts amvute kwa kilti ili arudi katikati.

Nettie aliporudi pembeni moyo ulikuwa unampiga mpaka shingoni. Kumbe ni hilo tu. Hakuwa amesahauliwa kwa ubaya. Hakuwa amefikiriwa kabisa. Kaka yake aliona kuna njia mbili, yeye mwenyewe au misonobari, na dada aliyepiga magoti ubavuni pake kila mwaka hakumwona kama njia. Hilo lilimuuma kuliko kuuzwa kwa nyumba. Akalimeza, maana nafasi ya kupishana ilikuwa inakuja, na angekuwa na maneno machache tu, na haya si ya kulilia.

Wakapishana.

"Nipe mimi," akasema.

"Nini?"

"Yote. Mlima na kondoo."

Wakapita. Beldie, aliyekuwa upande wa wanaume karibu na Dod, akamnong'oneza kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia: "Mpe, mzee!"

"Ana miaka sitini na moja," Dod akamjibu, anapiga makofi.

"Na wewe una sabini na bega bovu. Piga hesabu mwenyewe."

"Na atapata wapi mtu wa kumsaidia?"

"Mimi nina tai tayari," akasema Beldie.

Bi Coutts alikuwa amesahau kucheza, amesimama tu na mkono kifuani. Mwenye duka akamzungusha mwenyewe kama gunia. Dod alicheza hatua zake akitazama sakafu, kitu kisichoruhusiwa, na hakuna aliyemkemea. Nettie alimwona anapinda shingo kama anavyofanya mnadani wakati bei imefika na bado hajatikisa kichwa. Ilikuwa imebaki kupishana kwa mwisho. Kodiani ilikuwa imeanza kukimbia, kama inavyokimbia karibu na mwisho, na fidla inaifukuza.

Wakaja katikati. Bega kwa bega. Dod hakupita. Alisimama, na kwa kusimama kwake safu nzima ikajikunja na kugongana nyuma yao.

"Jumatatu nitawaambia waje wang'oe vijiti vyao," akasema. "Kondoo ni wako. Mlima ni wako. Mimi nitashika lango na kuhesabu. Lakini mbwa ni wangu."

"Nani anamtaka mbwa wako? Ananuka."

"Ni wangu."

"Ni wako, Dod. Songa, tunaharibu ngoma."

"Imekwisha haribika," akasema Bi Coutts, anapangusa macho na ncha ya shali. "Songeni tu, songeni."

Wakasogea, kila mtu pahali pake au karibu na pahali pake. Nettie alidhani moyo sasa utalala. Wapi. Ulizidi kumwenda mbio, ila uligeuka njia. Kichwani mwake alikuwa keshapanda mlimani na taa mkononi. Paa la zizi upande wa kaskazini. Majani makavu, yatatosha? Na madume! Yalikuwa ndiyo majira ya kupandisha, na kila dume hupakwa rangi kifuani ili jike aliyepandwa ajulikane mgongoni, na rangi hiyo lazima ibadilishwe kwa wakati, la sivyo hutajua nani atazaa mwanzo na nani mwisho. Mtu wa bega moja angewezaje kumshika dume akampaka?

"Dod!" akapiga kelele kuvuka safu, juu ya kodiani na fidla na vicheko. "Rangi ya madume umebadilisha?"

Dod akatikisa kichwa. Hapana.

"Toka lini?"

Akafungua vidole vya mkono wa kushoto ahesabu siku, akavitazama, akavifunga tena kwa haya.

"Mungu wangu," akasema Nettie. "Beldie, kesho alfajiri. Vaa viatu vya mpira."

"Kesho Jumapili!"

"Kondoo hawajui Jumapili. Mkono, Beldie, mkono! Ngoma haijaisha."